Pesa Ibaki Mfukoni Mpaka Boti Iingie Majini

(Hotuba ya fundi wa mashine za boti kwa wanakikundi wa wavuvi na vijana wa boti za watalii, Pangani, mkoani Tanga)

Ndugu Mwenyekiti, mama Mweka Hazina, wazee wangu, dada zangu na vijana wenzangu wa baharini: asalaam aleikum. Na wale wa upande wa pili, Bwana asifiwe.

Nimeambiwa nina muda mpaka adhana ya adhuhuri, kwa hiyo sitazunguka. Mmechanga kwa muda mrefu. Kuna waliouza samaki wakaweka kidogo kidogo, kuna akina mama waliomega mtaji wa biashara zao, na sasa sanduku lina kiasi cha kununua boti ya faiba na mashine yake. Si mpya, ni ya mtumba. Mmeniita fundi niwaeleze namna ya kuinunua bila kupigwa, yaani bila kutapeliwa.

Watu wanadhani anayepigwa ni yule asiyejua mashine. Nawaambia, nimeona mafundi wakipigwa. Nimeona manahodha waliokulia majini, wanaoijua kila kina cha mto huu, wakiuziwa boti ambayo mtoto wa shule angeikataa. Wanapigwa kwa sababu wanakubali mpangilio wa muuzaji. Muuzaji mjanja hana haja ya kuficha kila kitu. Anageuza tu utaratibu: kwanza toa advansi ili nisimpe mwingine, halafu njoo uione, majini tutaipeleka siku nyingine maana leo hakuna mafuta, na karatasi usijali, zitafuata. Mtu akishatoa advansi hanunui tena, anajitetea. Akiona moshi atasema ni oili nyingi. Akikuta maji ndani ya boti atasema ni ya mvua. Pesa yake imeshaanza kumsemea.

Sasa ninyi mpangilio wenu uwe kinyume chake, na usibadilishwe na mtu yeyote, hata awe shemeji wa Katibu. Pesa ndiyo ya mwisho. Dalali akiwaambia kuna mtu wa Bagamoyo anakuja kesho asubuhi na pesa taslimu, mwambieni amsalimie. Huyo mtu wa Bagamoyo namfahamu, kwenye kila boti inayouzwa pwani hii yumo, na hajawahi kufika.

Kabla hamjaenda kuangalia boti yoyote, kaeni hapa hapa mkubaliane itafanya kazi gani. Nasema hivi kwa sababu nimesikia mkibishana nje. Wengine mnataka ya kupeleka wageni kisiwa cha Maziwe, wengine mnataka ya kuvua nje usiku, na kuna mmoja amesema ibebe mizigo mpaka Unguja. Hizo ni boti tatu. Ya Maziwe itoke mdomoni mwa mto salama, ipite pale kwenye mchanga maji yakiwa yametosha, ibebe watu waliokaa na makoti yao ya kujiokolea, irudi mchana. Ya kuvua nje itakutana na kusi usiku, tena imebeba barafu ya samaki na nyavu zilizolowa. Ukinunua moja ukaifanyisha kazi ya nyingine, hujapigwa na muuzaji, umejipiga mwenyewe.

Wengi wenu mnaikumbuka MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ilijengwa 1989, ikafanya kazi ya kuvusha abiria katika jimbo la Washington kule Marekani, kwenye maji ya ndani yaliyokingwa na nchi kavu, ndipo ikauzwa huku mwaka 2011. Yalisemwa mengi baada ya pale na sitayafupisha hapa, kwa sababu msiba ule uligusa nyumba nyingi za pwani. Nachukua swali moja tu, na muwaulize wauzaji wote, wa meli na wa kiboti: chombo hiki kilijengwa kwa maji gani, na tangu kilipotoka huko kimefanya kazi wapi?

Na hesabu ya mafuta fanyeni kabla ya hesabu ya bei. Mashine ya nguvu farasi 40 ya kuchanganya oili, ile ambayo oili inatiwa ndani ya petroli, ikifunguliwa mwisho, inakunywa lita 15 kwa saa na zaidi. Mashine ya 15 inakwenda polepole lakini inakula kidogo zaidi ya theluthi ya hizo. Kijana anapenda 40 kwa sababu pua ya boti inanyanyuka na wenzake wanamwona. Mama Mweka Hazina yeye aulize: safari ya Maziwe na kurudi ni lita ngapi, na mgeni analipa ngapi? Boti nyingi zinazouzwa pwani hii hazina ubovu wowote. Zinauzwa kwa sababu zinakula mafuta kuliko zinavyoingiza. Mkinunua hiyo mmenunua hasara ya mwenzenu.

Haya, twende kwenye mashine, maana hapa ndipo penye utamu.

Mwambieni muuzaji mnakuja saa nne. Nendeni saa moja. Bebeni maandazi ili isionekane ni ukorofi. Sababu ni kwamba mashine iliyochoka inapokuwa baridi haina adabu: inakataa, inakohoa, inavutwa kamba mpaka bega linauma. Lakini muuzaji akiamka alfajiri akaiwasha, akaipasha moto, mkifika saa nne itawaka kwa mvuto mmoja na nyote mtapiga makofi. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya kichwa cha mashine. Ikiwa na joto, shukuruni, kunyweni chai, kaeni mpaka ipoe kabisa. Muuzaji akichukia, mmeshajifunza kitu.

Fungueni mfuniko. Msiogope, hata kama hujui jina la kitu chochote mle ndani, macho yako yanajua chumvi. Tazama chini ya koili, kwenye kona, nyuma ya kabureta, kwenye vichwa vya boliti. Mashine iliyotunzwa ina mafuta mafuta na vumbi kidogo. Mashine iliyozama ina ukoko wa chumvi mahali ambapo mikono haifiki, na mara nyingine punje za mchanga. Hapa Pangani sote tunajua boti hupinduka pale mdomoni mtu akilazimisha kutoka maji yakiwa mabaya. Mashine ikizama kisha ikatolewa siku hiyo hiyo, ikaoshwa kwa maji matamu, ikatiwa oili na kuwashwa, inaweza kuishi. Ikilala na chumvi ndani siku kadhaa kabla ya kuguswa, beringi zinaliwa taratibu, na mashine itafanya kazi vizuri kabisa kwa muda wa kutosha muuzaji kuhama mtaa. Ulizeni waziwazi: imewahi kuzama? Si vibaya kuuliza. Tazama anavyojibu, halafu nenda kaulize diko lile lile, pale boti zinapoegeshwa, kwa watu wasiouza kitu. Boti ikipinduka diko zima hujua.

Halafu angalia boliti zenyewe. Boliti ambazo kingo zake zimeliwa na spana zinasema mashine imefunguliwa mara nyingi na watu wenye haraka. Kichwa cha silinda kikiwa na gasketi mpya inayong'aa kwenye mashine iliyozeeka, uliza kwa nini ilifunguliwa. Huenda ni matengenezo ya kawaida, huenda ilichemka ikashika.

Toeni plagi. Kila silinda na plagi yake, zipangeni juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Rangi ya hudhurungi ni nzuri. Nyeusi na yenye majimaji ya oili, mashine haichomi vizuri. Moja ikiwa safi mno kuliko wenzake, inang'aa kana kwamba imeoshwa, shuku maji yanaingia kwenye silinda hiyo. Kisha fundi wenu aweke kipimo cha kompresheni, afungue mafuta mwisho, avute kamba mara kadhaa, aandike namba. Msitishwe na namba zenyewe, maana kila aina ya mashine ina yake. Kinachotakiwa ni silinda zilingane. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, silinda moja inachoka kuliko mwenzake, na ukarabati wake si wa kubadilisha plagi. Kipimo hicho si kitu cha ajabu, maduka ya vipuri vya magari na pikipiki wanavyo. Fundi anayekuja kukagua mashine bila kipimo amekuja kutembea.

Sasa nishuke kwenye mkia, kwenye gia, na hapa naomba hata walio nyuma wasikie. Pale chini karibu na propela kuna skrubu mbili, ya juu na ya chini. Mashine ikiwa imesimama bila kuguswa tangu jana, chukua bisibisi pana, legeza ile ya chini kidogo tu, weka kiganja. Kinachotoka kwanza ndicho kilicholala chini. Yakitoka maji matupu kabla ya oili, sili za gia zimekufa. Ikitoka oili nyeupe nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa, ni hiyo hiyo habari: maji yameingia na yamekuwa yakisagwa na oili kwa muda. Ikitoka oili yenye rangi yake, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chenga za chuma, gia zinasagana. Na tazama skrubu yenyewe, nyingi zina sumaku: unga mwembamba mweusi ni kawaida, vipande vya kuonekana kwa macho si kawaida. Muuzaji aliyemwaga oili na kuweka mpya jana yake atawaambia amewafanyia sevisi. Mwambieni asante, na baada ya majaribio ya majini mtafungua tena. Oili mpya ikirudi na weupe baada ya saa moja ya kazi, hakuna maneno ya kuongeza.

Shika propela, itikise juu chini. Shika mkia wote, utikise kushoto kulia. Mchezo mdogo upo kwa kila mashine iliyofanya kazi. Mchezo wa kugonga, ko ko ko, ni beringi au bushi.

Kuna ujanja mwingine wa stika. Baadhi ya kampuni hutumia bloku moja kwa mashine mbili zenye nguvu tofauti, ya 9.9 na ya 15 kwa mfano, na tofauti ni vitu vidogo vya ndani. Basi mtu anabandika namba kubwa juu ya mfuniko mpya, na bei nayo inapanda. Usisome mfuniko, mfuniko unanunuliwa peke yake. Soma kibao cha namba kwenye mkono unaoshika boti. Namba ya mashine iwepo, isomeke, na kibao kiwe na umri wa mashine. Kibao kilichokwanguliwa, au chenye ribeti mpya kwenye chuma kikuukuu, maana yake kuna mwenye mashine yake mahali fulani analia. Wizi wa mashine upo pwani, upo Ziwa Victoria, na mashine huvuka mikoa usiku mmoja. Mkikamatwa nayo mtaeleza polisi habari za dalali ambaye simu yake imezimwa.

Na kwa aina: nunueni mashine ambayo vipuri vyake vipo Tanga mjini, au Dar kwa siku moja. Yamaha za kuchanganya oili zimeenea pwani yote hii kwa sababu hiyo, kila kijiji kina mtu anayezijua. Kuna mashine nzuri sana za kampuni nyingine, mpya kimuundo, zinakula mafuta kidogo, zimetoka Dubai au Ulaya. Zikifa hapa zinakuwa mapambo. Sizikatai. Mwenye kuuza awaonyeshe duka la vipuri vyake, si picha ya duka.

Mwili wa boti sitauchukulia muda mrefu, isipokuwa sehemu moja: ubao wa tezi, pale mashine inapofungwa. Boti nyingi za faiba zina mbao ndani ya ubao ule, zimefunikwa kwa faiba pande zote. Mtu akitoboa matundu ya boliti bila kuyaziba vizuri, maji yanaingia polepole, mbao zinaoza gizani, na nje pamepakwa rangi panavutia. Ndipo ubao unapopasuka, mashine inaning'inia au inazama, nanyi mko nusu ya njia ya Maziwe na wageni.

Kuujaribu ni rahisi. Mashine ikiwa imefungwa na mkia uko chini, mtu ashike sehemu ya chini kabisa ya mkia, asukume mbele na kuvuta nyuma kwa nguvu, na mwingine aweke jicho pale boti na mashine vinapokutana. Ubao ukicheza, ukifungua ufa, au majimaji meusi yakitiririka kwenye boliti, umeoza. Halafu chukua mpini wa bisibisi, gonga ubao wote, kidole hadi kidole. Mahali pazima panajibu kwa sauti kavu, fupi. Palipooza panameza sauti. Gongeni hivyo hivyo na sakafu, na kando ya mataruma ndani. Kubadilisha ubao wa tezi inawezekana, lakini ni kazi ya kukata faiba na kujenga upya, na gharama yake itolewe kwenye bei kabla hamjapeana mikono.

Rangi mpya chini ya boti iwatie wasiwasi kuliko rangi iliyochakaa. Nyufa ndogo ndogo za juu juu ni uzee. Nyufa zinazotawanyika kutoka sehemu moja ni alama ya kugonga, fuateni ndani mkaone upande wa pili kuna nini. Kama mnafikiria ya mbao badala ya faiba, msiniulize mimi, mchukueni mzee anayepiga kalafati. Yeye ataingiza ncha ya kisu kwenye mkuku na kwenye mbao za chini, atawaambia wadudu wameshafika wapi. Mzee mmoja pale mbele anatabasamu, anajua nampa kazi.

Sasa majini. Wauzaji wengi watakubali kuwasha mashine ndani ya pipa la maji. Pipa linaonyesha kwamba inawaka, basi. Mashine ikiwa haina mzigo karibu yoyote inanguruma vizuri. Muuzaji akiiwasha nchi kavu bila maji kabisa, mzuieni, kwa ajili yake na kwa ajili yenu, maana impela, ile feni ya pampu inayovuta maji ya kupoza mashine, ni mpira na inaungua kwa dakika chache tu.

Petroli nunueni ninyi, oili nunueni ninyi, changanyeni wenyewe, tena mwende na tangi lenu na mpira wake. Hiyo inakata visingizio vya mafuta machafu, na pia mtajua imekula kiasi gani. Ndani ya boti aingie nahodha wenu na fundi wenu, na watu au mizigo ya uzito ule ule mnaokusudia kubeba. Boti ya watu wanane ikijaribiwa na watu wawili imejaribiwa kwa kazi nyingine.

Ikishawaka, tazameni yale maji yanayotoka nyuma ya mashine. Wavuvi wanasema mashine inakojoa, mniwie radhi akina mama. Yatoke kwa nguvu, bila kukatika, yawe vuguvugu yanayovumilika mkononi. Yakiwa dhaifu, impela imechoka au njia za maji zimeziba chumvi. Impela ni kitu kidogo kubadilisha. Lakini kama mashine imekuwa ikifanya kazi hivyo kwa muda, imeshachemka mara ngapi? Ndiyo sababu tulitazama gasketi.

Tokeni nje. Msizunguke mtoni tu ambako maji yametulia na picha zinatoka nzuri. Fungueni mashine mwisho kwa dakika kadhaa, rudini mwendo wa kati, tena mwisho. Propela ambayo mpira wake wa ndani umelegea itawadanganya hapo: mashine itapiga kelele, boti haitaongeza mwendo. Zimeni kabisa, subirini, washeni tena ikiwa na moto, maana zipo mashine zinazowaka baridi na kukataa moto, na hizo ndizo zinazomwacha mtu baharini. Tieni gia ya nyuma, isiruke. Pindueni usukani kushoto mwisho, kulia mwisho. Kaeni huko nusu saa au zaidi, halafu mtu ainue ubao wa sakafu atazame maji yaliyoingia. Ayaonje. Ya chumvi yameingia kutoka chini. Muuzaji akisema boti zote zinaingiza maji, mwambieni faiba haitakiwi kuingiza.

Akikataa majaribio haya? Muageni kwa heshima. Hakuna haja ya kugombana na mtu ambaye hamjampa kitu.

Karatasi. Hapa vijana mnachoka, naona simu zinatoka. Rudisheni simu mfukoni kidogo.

Boti na mashine ni mali mbili. Pwani yetu mara nyingi zina wenyewe wawili: boti ya huyu, mashine ya tajiri aliyeikopesha ili auziwe samaki. Aliyewauzia anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu boti na asiwe na haki hata ya plagi moja. Kwa hiyo takeni ushahidi wa kila kimoja peke yake: usajili wa chombo, na risiti au hati ya mauziano ya mashine yenye namba ile ile mliyosoma kwenye kibao. Vyombo vya majini huku bara vinasimamiwa na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, lililochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, na chombo cha uvuvi kina leseni yake kupitia halmashauri. Boti ikitoka Unguja au Pemba, mamlaka ni nyingine, ZMA, ya usafiri wa baharini Zanzibar, na jina lililoko kwenye daftari lao ndilo mwenye mali. Ikitoka Mombasa au Vanga, ni KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, na hapo kuna na ushuru wa forodha. Mtu anayewaambia ushuru si lazima kwa sababu inakuja usiku, anawauzia na kesi ndani yake. Nendeni ofisini na namba, muulize kabla, si baada. Kuuliza mapema kunagharimu nauli.

Kuna jambo la marehemu. Boti nyingi nzuri huuzwa baada ya mwenyewe kufariki. Mtoto mkubwa anauza, analia kidogo, bei ni nafuu, mnajisikia mnamsaidia. Miezi sita baadaye anakuja mke mdogo na watoto wake kutoka Mkwaja, na haki yao ni ya kweli. Muuzaji awe na karatasi ya Mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Hana? Mwacheni akaifuate Mahakama ya Mwanzo, mtamsubiri. Mkimsaidia na nauli ya kwenda huko mtakuwa mmemsaidia kweli.

Deni pia. Ulizeni SACCOS za pale anapokaa, ulizeni tajiri wa samaki, ulizeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa: chombo hiki kimewekwa rehani? Mwenyekiti huyo huyo awe shahidi wa mauziano, na wakili agonge muhuri. Mkataba utaje boti, utaje mashine kwa namba, utaje tangi, nanga, makoti, makasia, kila kilichoonekana siku ya majaribio. Nasema hivyo kwa sababu propela ya siku ya majaribio na propela ya siku ya kukabidhiwa mara nyingine si ndugu.

Pesa zipite benki au kwenye simu kwa jina lililo kwenye hati, si kwa jina la dalali, si kwa mdogo wake mwenye laini ya ofa. Dalali alipwe chake, na mjue mapema analipwa na nani, kwa maana anayelipwa na muuzaji kwa asilimia anafanya kazi ya muuzaji, hata akiwaita wajomba. Na hizi boti za kwenye simu, picha nzuri, bei ya kutupa, mwenyewe yuko safarini, tuma kidogo niishikilie: ombeni apige video hapo hapo, aweke mkono juu ya kibao cha namba na atamke jina la kikundi chenu. Mwenye boti atafanya, akicheka. Mwenye picha atakuwa na tatizo la mtandao.

Kabla sijaketi, kijana mmoja aliniuliza pale nje swali ambalo nililitegemea. Aliuliza: na fundi je, hahongwi? Anahongwa, kijana wangu. Muuzaji anamvuta pembeni, anamwambia kuna chako kidogo, na ghafla zile silinda zinalingana. Au hahongwi na mtu, anajihonga mwenyewe: anaona mashine mbovu anasema nzuri kwa sababu anajua mtamletea kila mwezi. Kwa hiyo fundi wa kukagua asiwe yule aliyekuwa akiitengeneza boti hiyo, na asiwe yule atakayeitengeneza. Mchukueni wa mji mwingine. Aandike alichokikuta kwenye karatasi, namba za kompresheni, rangi ya oili, muda mliokaa majini, atie sahihi mbele ya wanachama wawili. Na ujira wake mpatane naye mapema, uwe ni ule ule mkinunua au mkikataa.

Mkiniita mimi, huo nilipeni kabla hatujaondoka Pangani. Ya boti ndiyo ibaki kwa mama Mweka Hazina.